Mkono wa Flashi na Kandambili za Baba

Sanduku la kamera lilikuwa na sponji nyeusi ndani, imechongwa vyumba, kila kitu na chake: kamera ya kuzama majini, flashi yake iliyolingana na kopo la maziwa, waya wa kuziunganisha, kichupa cha grisi. Vyumba viwili virefu vilikuwa vitupu. Humo ilipaswa kulala mikono ya kushikia flashi. Mtaalamu wa kigeni aliyeniachia sanduku hilo siku mradi wake ulipofungwa alinieleza kwamba mkono mmoja ulivunjika na wa pili ulizama, ila nisijali, akifika kwao atanitumia mingine kwa posta. Na kweli ilikuja. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, na mimi nilikuwa na wiki tatu.

Nieleze kwanza hizo wiki tatu zilitoka wapi.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika ofisi moja ya samaki pale Musoma, nimepanga chumba Kamunyonge, na kazi yangu ilikuwa kupima samaki, kuwapasua matumbo na kuandika walichokula. Kwa hiyo naweza kusema niliwaona furu wakiisha kwa macho yangu. Furu ni visamaki vya ziwa letu, vya rangi nyingi na aina nyingi kuliko mtu anavyoweza kukariri, na ndivyo vilivyotulea sote utotoni. Nilipoanza kazi, ukimpasua sangara, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, ulikuwa unawakuta wamejaa tumboni mwake. Miaka michache baadaye ukawa unakuta dagaa, au sangara mdogo aliyemezwa na mkubwa wake. Ofisini tukawa tunasema furu wamekwisha kama mtu anavyosema sukari imekwisha dukani, bila hata kushtuka, maana tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni na tulishazoea vitu kwisha.

Mtu mmoja alikataa, naye ni baba yangu. Baba alikuwa mvuvi katika kijiji chetu cha ukingoni mwa ziwa, njia ya Suguti. Mbele kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, pana miamba iliyozama, na Baba alisema furu wapo humo, wanazaa na kulea. Hakuna aliyemwamini kwa sababu hakuna aliyetega pale. Nyavu zilikuwa zinanasa. Tena hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kusema jambo lisiloonekana. Zamani mwenyekiti wetu, kabla hajawa mwenyekiti, alipoteza wavu mpya. Baba akamwambia umenasa mwambani, ufuate. Yeye akajibu kwamba wavu haupotei, wavu unaibwa, na akakaa na hasira zake bila kwenda kutazama. Tangu hapo Baba akawa mtu wa maneno ya chini ya maji. Walimtania kwa upole, lakini nilijua linamuuma, na mimi lilinichoma zaidi yake.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sangara akapata soko, na watu wenye kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa kutoka ufukweni, wakaiomba ghuba yetu ndogo. Sharti lao lilikuwa moja: mawe yang'olewe kwanza, kokoro lipite. Kwenye kikao Baba alisimama akasema mkiyang'oa mtawaua furu wa mwisho. Watu wakacheka. Siku ya pili akavua furu wawili kwa ndoano, akawapeleka kwa mwenyekiti kwenye kopo. Mwenyekiti akasema hao ni vikongwe wawili waliosahauliwa na kifo, si ukoo. "Nionyeshe ukoo, mzee," akasema. Uamuzi ungetolewa kwenye mkutano wa kijiji, baada ya wiki tatu.

Kesho yake Baba alikuwa mlangoni kwangu Kamunyonge na kandambili zake miguuni.

"Mama," akasema. Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Wewe si unayo ile mashine ya mzungu? Twende ukawapige picha."

Nilimwambia nitakuja. Sikumwambia kuhusu vile vyumba viwili vitupu.

Mtu anaweza kuuliza, mkono wa nini, si uishike flashi tu karibu na kamera? Maji yetu ni ya kijani na yana vumbi lake. Ukiiweka flashi jirani na jicho la kamera, mwanga unapiga uchafu ulio mbele yako na unapata picha ya uchafu, sawasawa na kuwasha taa za gari ndani ya vumbi la barabara ya Bunda. Flashi inatakiwa ikae mbali, pembeni, imulike kwa mshazari. Kwa hiyo unahitaji mkono mrefu, wenye kiwiko, usiolegea. Filamu nilikuwa nayo moja, ya picha thelathini na sita, nimeitunza kwenye friji ya ofisi katikati ya samaki. Betri nilizipata sokoni. Ruksa ilikuwa imeleta betri, manukato, mashati ya mitumba na redio zenye vitaa vya rangi, lakini mkono wa flashi haikuleta.

Nikaanza na bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme. Nililifunga, nikalinyanyua, likainama kama linaomba radhi. Nikalitupa uani. Nikajaribu ubao, ukapasuka pale nilipotoboa. Wiki ya kwanza ikaisha hivyo, nikajiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaenda Butiama kwa mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa mfugaji na mkulima, na nyuma ya nyumba yake lilikuwepo plau bovu, limekaa pale tangu nikiwa darasa la nne. Mishikio yake miwili ilikuwa imepinda vizuri, kama kiwiko cha mtu aliyeinua mkono. Nilipouona mshikio wa kushoto moyo uliruka. Urefu ulikuwa wenyewe, na kona yake ndiyo hasa. Mjomba aliufungua bolti, akaulaza juu ya mawe mawili, akapanda juu yake na viatu vyake vya mpira wa tairi na kuruka mara tatu.

"Umeona?" akasema. "Hii haipindagi. Imelima kabla wewe hujazaliwa."

Niliunyanyua. "Mjomba, mbona ni mzito hivi?"

"Mpwa wangu, ng'ombe haelemewi na nunduye."

Nikaucheka usemi ule na nikauamini. Mjomba akaniandikia kikaratasi cha kwenda kwa fundi mmoja wa Bunda, aliyekuwa akitengeneza plau na mikokoteni ya kubebea pamba. Fundi yule alichomelea kikombe cha kukalia flashi upande mmoja, na upande wa pili akachomelea bamba la kufungia kamera, akatoboa matundu, akaweka nati na vipande vya tyubu ya baiskeli ili visicheze. Naye hakuridhika mpaka alipoufunga kwenye boriti ya banda na kuning'inia kwa mikono miwili, miguu hewani.

"Dada, hii utawaachia wajukuu," akasema akiwa bado ananing'inia.

Nilirudi Musoma nimeuweka begani, nina furaha ya mtu aliyeoa. Stendi mtu mmoja akaniuliza ng'ombe nimewaacha wapi. Nikamwambia wanakuja nyuma.

Sasa naweza kusema kosa lilikuwa wapi, lakini siku ile hakuna aliyeliona, kwa sababu wote watatu tulikuwa watu wa aina moja. Katika ukoo wa Mama chombo kizuri ni kile kinachokuchosha kukibeba. Jembe zito, kigoda kizito, mlango mzito. Kitu chepesi ni cha watoto. Nilichagua mkono kwa akili za upande wa mama, nikasahau kwamba nakwenda kuutumia kwenye maji ya baba.

Jumamosi asubuhi tulitoka na mtumbwi, Baba anapiga kafi, mimi nimevaa kaptula chini ya gauni la zamani, miwani ya kuzamia ya mtaalamu usoni. Kuogelea nilikuwa najua tangu utoto, na pale mwambani kina hakizidi watu wawili waliobebana. Mama alibaki nchi kavu anatuombea kuhusu mamba. Nilivuta pumzi, nikashuka. Yaani nilishushwa. Mshikio ule ulinikokota hadi chini kama unatafuta shamba lake, ukatimua tope, na kila nilipoinua kamera upande wa flashi ulivuta kushoto, kamera ikapinduka, kifundo cha mkono kikalia. Nikabonyeza. Nikapanda kuvuta pumzi, nikashuka, nikabonyeza. Mtu mwenye busara angeacha baada ya picha tatu. Mimi nikikasirika siachi, naongeza. Nilipoacha nilikuwa nimepiga ishirini.

Mwenye studio mmoja wa mjini Musoma, rafiki yetu wa ofisini, aliikata filamu gizani na kusafisha ile nusu iliyotumika, ili nijue kabla ya kupoteza yote. Alizianika akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akaniita.

"Dada, umepiga picha mvua?"

Zilikuwa mvua kweli. Madoa meupe kutoka juu hadi chini. Kwenye mojawapo palikuwa na kitu cha mviringo kinachong'aa, nikajipa moyo kwamba ni samaki, mpaka akaniambia hilo ni goti langu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya studio, kilio cha hasira, nikamtukana mjomba moyoni, nikalitukana plau lake. Nilikuwa nimebaki na picha kumi na nne, maana mkato wa filamu ulikula mbili, na siku nne.

Nilirudi kijijini kumwambia Baba kwamba nimeshindwa. Nilimkuta anapanga nyavu. Nikamweleza yote, na maneno mengine ya kumlaumu mjomba ambayo hayakustahili. Baba aliuchukua ule mkono pamoja na kamera yake, nilikwishaifunga vizuri isiingie maji, akaingia ziwani mpaka kiunoni, akauzamisha na kuuachia. Ukashuka moja kwa moja. Akauokota kwa mguu, akauachia tena, anautazama unavyoanguka, upande gani unatangulia.

"Hii umeifunga mawe tu," akasema. "Boya zake ziko wapi?"

"Baba, huu si wavu."

"Inakaaga kwenye maji?"

"Ndiyo."

"Basi ni wavu."

Mtu asiyekulia mwaloni anafikiri wavu unasimama wenyewe majini. Chini unafungwa mawe, juu unafungwa maboya, na ufundi wote ni kuvipatanisha. Mawe yakizidi unalala, maboya yakizidi unapanda. Baba alikuwa akisifika mwalo mzima kwa nyavu zinazosimama. Maboya tulikuwa tunayakata kutoka kwenye kandambili kuukuu za mpira, na kila mvuvi anaweka alama yake ili nyavu zisichanganyike. Baba alikata pembe mbili. Mwenyekiti, toka enzi za ujana wake, alichoma msalaba kwa msumari wa moto. Lakini siku ile kandambili kuukuu hazikuwepo, watu walishazimaliza. Baba akatazama chini, akavua zake.

"Baba, utavaa nini?"

Alikwishatia kisu. Zake mbili hazikutosha chuma cha mjomba. Zikafuata za Mama, kisha zangu. Mama alitoka jikoni peku akatukuta tumekaa kwenye maji kama watoto, vipande vya kandambili vinaelea pande zote.

"Na kwenye mkutano utaenda na nini, mzee?"

"Na miguu," Baba akasema.

Tulifanya kazi hiyo mchana kutwa. Anafunga kipande, anauachia, ukishuka anaongeza, ukipanda anapunguza kidogo kwa kisu, kipande cha unene wa ukucha. Alisogeza maboya kuelekea kwenye flashi, akarudisha mawili kwenye kiwiko. Sikuwahi kumwona Baba akinifanyia kazi kwa muda mrefu hivyo bila kuniambia niende nikamsaidie mama yangu. Jua lilipoanza kupungua makali aliuachia kwa mara nyingine, na ule mshikio wa plau, wenye uzito wa dhambi, ukabaki pale pale alipouacha, katikati ya maji, hauendi juu wala chini. Niliusukuma kwa kidole kimoja. Ukageuka polepole ukatulia.

"Sasa imeshiba," akasema Baba.

Kesho yake nilishuka. Sina namna ya kuieleza raha ya mkono ule isipokuwa kusema nilisahau kwamba ninao. Flashi ilikaa mbali kushoto, imetulia, nami nilikuwa na macho ya kutazama. Ubavuni mwa mwamba palining'inia wavu mkuukuu ulioota utelezi wa kijani, nikaukwepa nisije nikanasa. Nyuma ya wavu ule, kati ya jiwe na jiwe, ndimo walimokuwa. Si wawili. Walikuwa wengi, madume yenye rangi ya bluu na wekundu wa mkia, majike ya rangi ya majivu, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe anayelilinda. Sangara hawezi kupita pale na mwili wake ule. Mmoja wa majike alikuwa na vitoto mbele ya mdomo, vidogo kama punje za ulezi. Kivuli changu kilipompitia akafungua mdomo, wakaingia wote, akafunga. Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwenye vitabu vya ofisi. Nilicheka mle mle chini, nikameza ziwa, ikabidi nipande juu nikohoe.

"Wapo?" Baba akauliza.

Nilitikisa kichwa kukubali, na machozi yalinitoka ingawa uso wote ulikuwa maji.

Nilizipiga zote kumi na nne, bila haraka. Mwenye studio alipozitoa hakunitania tena. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi zote zimebaki ziwani, lakini kila gamba lilionekana. Alinisafishia tatu kwa ukubwa wa daftari.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wamebanwa kwenye madawati ya watoto. Baba alikuja na suruali iliyopigwa pasi na miguu mitupu, akakaa mbele. Picha zikapita mkono kwa mkono. Palikuwa na minong'ono, na kina mama wa nyuma wakaanza kubishana yule ni furu wa aina gani, nikaona mambo yanakwenda vizuri. Kisha mmoja wa wale watu wa kokoro akasimama.

"Picha inapigwaga popote," akasema. "Hata hii inaweza ikawa ya Ukerewe. Jiwe ni jiwe."

Nilisikia damu ikinipanda kichwani, kwa sababu alikuwa sahihi. Katika picha zile hapakuwa na kitu kinachosema hapa ni kwetu. Nilikuwa nimeshanyanyuka kumpa maneno yasiyofaa mbele ya wazee. Baba akanivuta khanga. "Kaa, mama."

Mwenyekiti alikuwa na picha moja mkononi, ile ya yule jike na vitoto vyake. Akaenda nayo dirishani. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Alikaa pale muda mrefu hata karani akaacha kuandika.

"Hii picha umepigia wapi?" akaniuliza.

"Pale mwambani, mzee."

"Mwambani kwetu?"

"Ndiyo."

Akaweka kidole kwenye kona ya juu. Nikasogea kuangalia. Nyuma ya samaki wangu, kwenye ukingo wa ule wavu mkuukuu nilioukwepa, palikuwa na maboya manne kwenye mstari, na kila moja lina msalaba. Niliipiga picha ile mimi mwenyewe, nikaitazama siku mbili, na sikuyaona.

"Hizi nilichoma mimi," akasema mwenyekiti. Hakusema kwa sauti, lakini darasa zima lilisikia. "Hii ni wavu yangu."

Watu waliinuka wakamzunguka, kila mmoja anataka kuona msalaba. Yeye aliwapita, akaja kusimama mbele ya Baba, akatazama ile miguu mitupu sakafuni, kisha uso.

"Mzee, uliniambia."

"Nilikuambia."

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika, mawe yasiguswe." Kisha akarudi kwa Baba, na sauti yake ilikuwa ya kijana aliyepoteza wavu mpya. "Kumbe ipo tu siku zote. Naweza kwenda kuitoa?"

Baba aliivuta miguu yake mitupu chini ya dawati.

"Wavu yako ipo," akasema. "Ila usiende kuitoa. Kuna wenyewe wamehamia."

Darasa zima likacheka, na safari hii Baba alicheka nao.